Kovu Lenye Umri wa Miaka 11

Kwa miaka 11 nilijiita mtu aliyepona. Aliyeniuliza habari za moyo nilimjibu kwa methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nilikuwa na miaka 46 mshipa mmoja wa moyo wangu ulipoziba. Madaktari wakauzibua, wakaweka stenti, kijibomba cha kuuweka mshipa wazi, na baada ya siku 5 nikarudi nyumbani nimepungua kilo na kiburi. Sigara niliacha siku hiyohiyo. Nikaanza kutembea kila asubuhi. Mwaka haukuisha nikawa najiona mzima kuliko rafiki zangu ambao mioyo yao haijawahi kuguswa na daktari.

Methali ile inafaa kwa magomvi ya ndugu. Kwa moyo, yaliyopita ni ndwele hasa.

Siku yenyewe ilipofika sikuwa nimebeba kitu kizito wala sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimekaa kitini nasoma. Mapigo yakaanza kwenda mbio kwa mara moja, kama mtu kawasha swichi. Nasisitiza hilo la mara moja, kwa sababu mapigo ya woga au ya kupanda ngazi hupanda kidogo kidogo na hushuka kidogo kidogo. Haya yalikuja yote kwa pamoja. Shingoni nilihisi kitu kinagonga. Jasho jembamba likanitoka, kichwa kikawa chepesi. Nikaanza kuyatafuta yale maumivu ya miaka 11 nyuma, kifua kubanwa na mkono wa kushoto kuwa mzito, nikayakosa. Nikajituliza: hakuna maumivu, basi si moyo. Nikakaa na ujinga huo dakika 20 nzima.

Binti yangu ndiye aliyeingia akasimama mlangoni. "Baba, mbona midomo imekuwa ya kijivu?" Akanishika kifundo cha mkono ahesabu mapigo, akashindwa kuhesabu.

Hospitali muuguzi alinibandika vile vibandiko vya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, karatasi ikaanza kutoka, naye akaacha kuongea katikati ya sentensi. Mapigo 188 kwa dakika, na mistari yake mipana, haifanani na ya kawaida. Daktari aliyekuja angeweza kuwa mwanangu. Akaniuliza, "Mzee wangu, umewahi kuugua moyo?"

"Zamani. Nilishapona."

"Zamani lini?"

"Miaka 11."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia. "Basi kovu lako lina miaka 11."

Wakanilaza usingizi mfupi, wakaushtua moyo kwa umeme. Nilipozinduka ulikuwa unakwenda 70 kwa dakika, na ngozi ya kifua inawaka kama niliyeungua na jua.

Sentensi ile ya kovu ndiyo iliyonifungua macho, maana kabla yake nilikuwa nadhani nina stenti tu. Nilijua mshipa uliziba na ukazibuliwa. Nilichokuwa sijui ni kwamba katika zile saa za kuziba, sehemu ya msuli wa moyo ilikuwa imeshakufa, na msuli wa moyo ukifa hauoti tena kama ngozi. Mahali pake huota kovu, nyama ngumu isiyokunjuka na isiyopitisha umeme. Kama kovu lingekuwa kipande kimoja kilichokufa kabisa, pengine lisingekuwa na madhara makubwa ya umeme. Shida iko kwenye pindo zake. Humo hubaki nyuzi chache za msuli zilizo hai, zimesongwa katikati ya zilizokufa, na umeme ukiingia humo hupita polepole, kwa kujipenyeza. Ukija kutokea upande wa pili, msuli mzima wa pale umeshapumzika na uko tayari kuamshwa tena. Unauamsha. Mzunguko unaanza.

Mfano niliojitungia mwenyewe ni wa uvumi. Mtu anaanzisha uvumi, unazunguka mtaa mzima kwa vichochoro, unamrudia yeye mwenyewe jioni akiwa ameshasahau kwamba ni wake, naye anauamini upya na kuusambaza tena. Moyo wangu ulikuwa unaamini uvumi wake wenyewe mara 188 kwa dakika. Daktari aliyaita mapigo hayo takikadia ya ventrikali, yaani mbio zinazoanzia katika vyumba vya chini vya moyo. Zikidumu, au zikivurugika zaidi, vyumba hivyo huacha kupiga na kubaki vinatetemeka tu bila kusukuma damu. Hapo mtu huanguka na kupoteza fahamu ndani ya sekunde chache.

Na hapa lugha yetu ilinichezea. Sisi tunasema "mshtuko wa moyo", na neno hilo tumelipakia mizigo mitatu. Mtu akipata habari mbaya akazimia, mshtuko wa moyo. Mshipa ukiziba, mshtuko wa moyo. Moyo ukisimama ghafla, mshtuko wa moyo. Na mimi leo nimeongezewa wa nne, maana baada ya yale mapigo 188 niliwekewa kifaa kifuani, nacho kazi yake ni kushtua. Mshipa unapoziba mgonjwa mara nyingi yuko macho, anaongea, analalamika. Moyo unaposimama hakuna cha kulalamika. La kwanza huweza kuzaa la pili papo hapo, ndani ya saa moja, na pia huweza kulizaa baada ya miaka 11, au 20. Laiti ningekuwa na maneno mawili tofauti tangu mwanzo, huenda ningeuliza swali la pili.

Hatari yenyewe ina umbo lake. Kuna utafiti mkubwa uitwao VALIANT, ambao mwaka 2005 ulitoa matokeo ya wagonjwa zaidi ya 14,000 waliopata mshtuko wa moyo, ule wa mshipa kuziba, na kubaki na moyo dhaifu. Katika siku 30 za mwanzo, asilimia 1.4 yao walikufa ghafla au moyo ulisimama wakarudishwa. Baada ya miaka 2 kiwango kilishuka hadi asilimia 0.14 kwa mwezi. Daktari alinionyesha tarakimu hizo kunifariji, na kweli zinafariji. Ila mimi ninayeishi ndani yake nilisoma lile neno la mwisho: kwa mwezi. Ni kidogo, lakini huja na kila mwezi. Wala haishuki moja kwa moja kwa kila mtu, kwa sababu moyo wenye kovu hubadilika umbo taratibu. Chumba hutanuka, ukuta hujivuta, na mtu aliyekuwa salama mwaka wa tatu asiwe salama mwaka wa kumi.

Ndiyo maana hupimwa tena. Na hapo nina kosa langu. Nilihudhuria kliniki miaka 4, kisha nikaacha. Hakuna aliyenifukuza. Foleni ilikuwa ndefu, majibu yalikuwa yaleyale, na mimi nilikuwa nimepona, si unajua. Nilipotoka hospitali mara ya kwanza moyo wangu ulikuwa unasukuma asilimia 42 ya damu iliyomo katika chumba cha kushoto kwa kila pigo. Moyo wenye afya husukuma kama 55 hadi 70. Waliponipima kwa eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, baada ya yale mapigo 188, ilikuwa 33. Ilishuka lini? Sijui, hakuna aliyeangalia, na asiyeangalia wa kwanza ni mimi. Isitoshe, vile vidonge vya kundi la vizuia beta, vya kutuliza kasi ya moyo, nilikuwa nimevipunguza mwenyewe kwa sababu vilinichosha. Vidonge hivyo ni miongoni mwa dawa chache zilizothibitika kupunguza vifo vya ghafla baada ya mshtuko wa moyo. Nilikuwa nakata kidonge katikati kwa kisu cha jikoni nikijiona mjanja.

Asilimia 35 ndiyo mpaka unaotajwa sana. Mtu ambaye moyo wake unasukuma chini ya hapo baada ya mshtuko, na hali haijapanda kwa dawa, huzungumziwa habari ya kuwekewa kifaa cha kushtua moyo hata kama hajawahi kupata mapigo mabaya. Huwa hawakimbilii. Husubiri angalau siku 40 baada ya mshtuko, kwa kuwa wengine moyo huamka na kupata nguvu, na kwa kuwa jaribio la mwaka 2004 lililoweka vifaa mapema zaidi ya hapo halikupunguza vifo kwa jumla. Mimi sikuhesabiwa kwa kipimo hicho, kwa sababu mapigo mabaya nilishayapata. Lakini watu wanaoishika 35 kama amri ya Musa huwa nawakumbusha kwamba wengi wanaokufa ghafla kwa moyo walikuwa juu ya namba hiyo. Mtu wa 45 aliyezimia bila sababu ana haki ya kuogopa kuliko mtu wa 34 anayetembea vizuri.

Kulikuwa na swali nililodhani ni la akili sana. Kabla ya siku ile nilikuwa nahisi mapigo ya ziada, moyo unaruka pigo halafu unapiga moja zito. Nikamuuliza daktari kwa nini wasingenipa dawa ya kuyazima hayo, mambo yakaisha. Akacheka kwa upole. Akasema hilo lilijaribiwa Marekani, katika jaribio lililojulikana kama CAST, na matokeo yake ya 1989 yaliwanyamazisha madaktari wengi. Dawa zile, flekainaidi na enkainaidi, zilizima mapigo ya ziada vizuri kabisa, karatasi za ECG zikawa safi, na wagonjwa waliozimeza wakafa wengi kuliko waliomeza vidonge vitupu. Tangu siku hiyo sishindani tena na dawa ninayopewa, wala siiamini dawa kwa sababu tu imenifanya nijisikie vizuri.

Kifaa chenyewe kimekaa chini ya mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, ukubwa wa kiberiti kilichobanwa, na waya wake umepita ndani ya mshipa hadi chumba cha chini cha kulia. Watu huniambia "betri ya moyo" na siwabishii, ingawa ile betri ya kawaida kazi yake ni kuuamsha moyo unaochelewa, na hiki changu kazi yake kuu ni kulinda mlango. Aliyekibuni, Michel Mirowski, alihangaika miaka mingi huku wenzake wakimwona anaota, hadi cha kwanza kilipowekwa kwa binadamu katika hospitali ya Johns Hopkins, Februari 1980. Vile vya mwanzo vilikuwa vikubwa hivi kwamba vilikaa tumboni, na kifua lazima kipasuliwe. Mimi nilitoka siku iliyofuata.

Kinavyofanya kazi ndicho nilichopenda kukijua, pengine kuliko mgonjwa mwingine. Kinahesabu. Mapigo yakivuka kiwango walichokipanga, kwanza kinajaribu kwa hila: kinapiga moyo mapigo madogo ya haraka kuliko yale mabaya, ili kukatiza ule uvumi unaozunguka. Hayaumi, mara nyingi huyahisi hata kidogo. Yakishindwa, ndipo kinashtua.

Mshtuko wangu wa kwanza niliupata mwezi wa 8, nimesimama kwenye korido ya nyumba yangu. Nasikia watu wanafananisha na teke la farasi. Sijawahi kupigwa teke na farasi. Kwangu ilikuwa kama mlango umebamizwa ndani ya kifua, na nilisikia sauti yangu ikipiga kelele kabla sijajua kwamba ni yangu. Kisha kimya. Nilibaki nimesimama, mzima, natetemeka mikono.

Maumivu yaliisha baada ya pumzi mbili. Yaliyofuata ndiyo hakuna aliyenieleza. Kwa wiki tatu sikupita kwenye ile korido. Nilizunguka nje ya nyumba kuingia chumbani. Usiku niliruka kitandani nikiapa nimeshtuliwa, nikaenda kliniki, wakasoma kumbukumbu za kifaa, hakuna kitu. Muuguzi akaniambia ni jambo linalojulikana, mwili unauota mshtuko. Mke wangu akawa analala ukingoni mwa kitanda. Nilidhani amenichoka. Siku nilipomuuliza akasema, "Naogopa nikikukumbatia kikashtua, nitakufa na mimi." Tukaenda pamoja kliniki. Wakamweleza kwamba anayemgusa mtu wakati kifaa kinashtua huenda akahisi mnyeo tu, hapati madhara. Akarudi katikati ya kitanda. Ninawashauri wenye vifaa hivi waende na wenzi wao siku ya kwanza kabisa, wasisubiri kama sisi.

Walichotufundisha kuhusu mishtuko ni rahisi. Ukishtuliwa mara moja ukajisikia vizuri, piga simu kliniki uonwe. Ukishtuliwa mara mbili au zaidi ndani ya siku moja, au mara moja ukabaki unaumwa kifua, unahema au umezimia, ni dharura, usipige simu ya kuuliza.

Kumbukumbu za kifaa zilionyesha kwamba mshtuko ule wa kwenye korido ulikuwa wa haki: mapigo 204. Na sababu yake iliniaibisha. Siku tatu nyuma nilikuwa naharisha, na nilikuwa naendelea kumeza vidonge vya kupunguza maji mwilini kama kawaida, kwa utiifu wa mtu aliyeapa kutokata kidonge tena. Kuharisha na vidonge vile vyote viwili hutoa mwilini madini ya potasiamu na magnesiamu, nayo yakipungua, kovu lililolala huamka. Sasa nikitapika au kuharisha siku nzima napiga simu kabla ya kumeza. Vilevile sinunui dawa yoyote dukani bila kumwambia muuza dawa kwamba nina moyo wa kovu na natumia amiodaroni, dawa ya kuzuia mapigo mabaya. Zipo antibayotiki za kawaida, na hata baadhi ya dawa za malaria, zinazochelewesha moyo kujipumzisha umeme wake, na kwa mtu kama mimi hilo ni kucheza na kiberiti. Amiodaroni yenyewe imenizuilia mapigo mengi, ila ina gharama zake: ngozi haivumilii jua, na kila baada ya miezi 6 napimwa damu kwa ajili ya tezi ya shingo na ini. Nikianza kukohoa bila sababu natakiwa kusema, maana huweza kuingia mapafuni.

Gari niliacha kuendesha kwa miezi kadhaa, kwa agizo. Nilinung'unika sana. Kisha nikafikiria ile korido ingekuwa barabara yenye watoto wanaovuka, nikamkabidhi binti yangu funguo.

Yeye, binti, ndiye aliyeng'ang'ania tujifunze kukandamiza kifua. Nikamwambia kifaa kipo, cha nini tena? Akajibu, "Na wewe ukiwa mzima, Baba, na Mama ndiye akaanguka?" Tukakaa sakafuni na mto wa kochi. Katikati ya kifua, mikono miwili, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusimama kuangalia kama anafumbua macho. Mtu ambaye moyo umesimama hupoteza kama asilimia 7 hadi 10 ya nafasi yake ya kupona kwa kila dakika inayopita bila kushtuliwa, na kukandamiza hupunguza kasi ya kupoteza huko. Mke wangu alichoka baada ya dakika moja na nusu. Binti akasema ndiyo maana tuko watatu.

Kuna jambo jingine ambalo nilimwomba daktari tuliongee nikiwa na akili zangu. Kama siku moja nitakuwa nakufa kwa ugonjwa mwingine, sitaki kifaa kiendelee kunibamiza kifuani saa zangu za mwisho. Akasema kushtua kunaweza kuzimwa kwa kompyuta, bila kisu, na kwamba kukizima hakumuui mtu papo hapo wala hakuumi. Tumeandika. Mke wangu hakutaka kusikia, alitoka nje ya chumba, akarudi baada ya dakika kumi akauliza karatasi inasainiwa wapi.

Mwezi uliopita nilikwenda kliniki ya kawaida. Sikuwa na la kulalamikia. Muuguzi akaweka kile kisomeo juu ya bega, akatazama skrini, akaniuliza usiku wa Jumanne ya wiki iliyopita, saa 9 na dakika 12, nilikuwa nafanya nini. Nikamwambia saa hizo mtu anafanya nini? Akageuza skrini nione. Mapigo 186, mistari mipana kama ile ya siku ya kwanza, halafu kifaa kinapiga mapigo yake 8 ya haraka, halafu 64, mistari membamba, kana kwamba hapakuwa na kitu. Yote sekunde zisizofika 15.

Nilipofika nyumbani nikamuuliza mke wangu kama usiku ule aliona lolote.

"Usiku upi? Wewe si ulikuwa unakoroma."